Joto Linatoka Juu: Tuanze na Dari Kabla ya Kuta

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa kanisa, Ahero. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa, pamoja na maswali machache ya mwisho.)



Wazee, akina mama, vijana, na ninyi wote mliotoka Kakola, Kochogo, Ombeyi, Awasi na hapa sokoni, asanteni kwa kuacha kazi zenu. Najua ni msimu wa kupandikiza mpunga, kwa hiyo sitawakalisha hadi jioni.

Ofisi yetu ya maendeleo ililetewa barua na kikundi kimoja cha akina mama. Sitawataja jina, wenyewe wamo humu ndani. Wamechanga kila wiki kwa muda mrefu, na sasa wanataka kutumia fedha za pamoja kutengeneza nyumba za wanachama, moja baada ya nyingine, mpaka wote wafikiwe. Shida yao ni kwamba nyumba hazikaliki mchana, na usiku watoto wanalia kwa joto. Hapo wanakubaliana. Lakini kikundi kimegawanyika. Upande mmoja unasema wapige plasta ya simiti kwenye kuta. Upande mwingine unasema waweke dari. Wamegombana mpaka wengine hawaji mkutanoni. Wakaomba tuseme neno.

Neno langu ni dari. Sasa nitaeleza kwa nini, na dari ya namna gani, maana hata kwenye dari mtu anaweza kutupa pesa yake.

Tuangalie kwanza tunakaa wapi. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta. Mstari wenyewe unapita pale Maseno, wengi wenu mmekiona kile kibao cha barabarani. Maana yake ni kwamba saa sita mchana jua liko juu ya utosi. Mwezi wa tatu na mwezi wa tisa liko wima kabisa, na miezi mingine linaegemea tu, mara kaskazini, mara kusini. Ukuta wa nyumba jua linaugonga kwa ubavu: asubuhi ule wa mashariki, jioni ule wa magharibi. Lakini paa linapigwa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, bila kupumzika. Watu wa Ulaya wakiandika vitabu vyao vya ujenzi wanashughulika sana na kuta, kwa sababu wao wana baridi na wanataka joto la ndani lisitoke. Sisi tunataka joto la nje lisiingie, na linaingia kwa juu. Kitabu cha kule hakiwezi kunipangia nyumba ya Kano.

Dani zetu walijua hayo bila kitabu. Nyumba ya nyasi ilikuwa na paa nene, shubiri moja na zaidi, na kati ya nyasi na nyasi kuna hewa iliyotulia. Joto likishuka linachoka njiani. Wazee waliolala humo watawaambia kwamba saa nane mchana ungeweza kuingia ndani ukapata usingizi. Kisha yakaja mabati. Sisemi turudi kwenye nyasi. Nyasi zenyewe ziko wapi? Mahali zilipokuwa zinaota sasa ni mpunga na miwa. Tena bati halivuji kama nyasi, halitaki kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na linatupa maji safi ya mvua kwenye tangi. Bati ni jambo jema. Ila bati ni jembamba kama kadi. Jua likilipiga, upande wa chini unakuwa moto kama upande wa juu. Bati lililoshika kutu linaweza kufika nyuzi 60 za joto mchana wa Februari, na wewe umekaa chini yake unakula chakula.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo pesa inapookolewa. Joto la bati halishuki kwa hewa. Hewa ya moto hupanda, haishuki. Joto la bati linashuka kwa miale, kama joto la moto wa jiko linavyokupiga usoni ukiwa umekaa mbali nao. Wewe mama unayekaanga samaki, moto ukizidi unafanya nini? Unaweka sinia kati ya uso wako na moto. Papo hapo uso unapoa. Sinia si nene, wala haina dawa. Imekatiza tu ile miale. Dari ndiyo sinia yenyewe. Hata ikiwa nyembamba, ikikaa kati ya bati na kichwa chako, umepata sehemu kubwa ya nafuu kwa hatua hiyo ya kwanza. Ukiongeza unene unapata nafuu zaidi, lakini ile ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa hiyo nyumba kumi zilizowekwa dari ya kawaida ni faida kubwa kwa kikundi kuliko nyumba mbili zilizowekwa dari ya kifahari.

Na hapa Kano dari ya kawaida tunayo miguuni. Ni mkeka wa mafunjo, ule wa togo. Unafumwa na akina mama wa kando ya ziwa na mdomo wa Nyando, na unauzwa sokoni kwetu. Ndani ya kila unyasi wa togo kuna nyama nyepesi kama sponji, imejaa hewa. Ukiukata utaona. Ndiyo maana mkeka wa togo haupitishi joto upesi, na ndiyo maana mtu akilalia mkeka huo juu ya sakafu ya simiti hasikii baridi sana. Tukiutandika chini tunaona kawaida. Tukiutundika juu tunaona aibu. Nitarudi kwenye hiyo aibu.

Lakini kuna sababu ya pili, na kwangu mimi ina uzito kuliko joto. Mbu. Tangu skimu ya mpunga ilipoanza hapa mwaka 1969 tumepata chakula na karo, na pia tumepata maji yaliyosimama karibu na milango yetu. Mbu wa malaria anapenda kuingia nyumba kupitia ule mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa. Anafuata harufu ya watu waliolala, anapanda ukuta, anapita juu. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya katika eneo la mpunga wa kunyunyiza huku kwetu magharibi mwa Kenya. Walichukua nyumba 20 za kijijini. Kumi wakaziweka dari ya mikeka ya mafunjo pamoja na wavu wenye dawa, na kumi wakaziacha zilivyo. Wakahesabu mbu waliokutwa ndani. Katika nyumba zenye dari mbu wa malaria walipungua zaidi ya robo tatu. Mkeka huu huu wa togo, sio kitu kilicholetwa na meli.

Mwaka huohuo wa 2009 ilitoka habari nyingine kutoka Gambia. Kule watoto wa nyumba zisizo na kizuizi, karibu 2 katika 10 walikuwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zilizowekwa dari ya wavu walikuwa zaidi kidogo tu ya 1 katika 10. Mama aliyewahi kukimbiza mtoto hospitali usiku kutafuta damu anajua tofauti ya hesabu hiyo.

Lakini nisieleweke vibaya. Dari haiondoi chandarua. Mtoto alale ndani ya chandarua chake hata kama juu kuna dari ya dhahabu.

Namna ya kuiweka. Kwanza fundi afunge miti au fito imara kutoka ukuta hadi ukuta, usawa wa juu ya ukuta, kila baada ya nusu mita. Mkeka ufungwe chini ya fito hizo kwa kamba ya katani au waya laini, na kuzunguka pembeni ubanwe kwa ubao mwembamba na misumari. Ukiubana kwa misumari peke yake bila ubao, kichwa cha msumari kitachanika kupitia mkeka mwaka wa kwanza tu. Mikeka ipandane kwa upana wa kiganja. Pembeni, mahali dari inapokutana na ukuta, zibeni kwa udongo mpaka hakuna mwanga unaopita. Hapo ndipo mafundi wengi wanafanya haraka, na hapo ndipo mbu wanapita. Kazi ya mwisho ndiyo kazi yenyewe.

Juu ya dari, kati yake na bati, acheni nafasi. Msiubandike mkeka kwenye bati. Ukigusana na bati unapata moto wake moja kwa moja, na maji ya umande yanayodondoka alfajiri yataulowesha. Ile nafasi iwe na pa kupumulia: tundu katika kila pembe ya juu ya nyumba, upande huu na upande ule, ili hewa ya moto ipite itoke. Tundu zifungwe wavu wa waya, la sivyo mtakuwa mmejenga nyumba ya popo.

Mahesabu ya chumba. Chumba cha mita 3 kwa 3 ni mita 9 za mraba. Mkienda sokoni pimeni mkeka kwa futi ya fundi, msikubali maneno. Mkeka wa mita 2 kwa mita moja na nusu unafunika mita 3, kwa hiyo chumba hicho kinataka 3, lakini kwa sababu ya kupandana nunueni 4. Mkiweza tabaka mbili, basi 8. Na kama kikundi kinanunua kwa nyumba nyingi, nendeni wenyewe kwa wafumaji, mpatane bei ya jumla. Fedha itakuwa imetoka kwa akina mama ikaingia kwa akina mama.

Kabla ya kuitundika, anikeni mikeka juani siku mbili tatu, mkiigeuza. Mkeka mbichi ukifungiwa juu unaota ukungu. Miti ile ya fito mchwa wataitafuta. Watu wengi hupaka oili chafu ya gari. Kwenye nguzo iliyo ardhini sawa, lakini msiipake kwenye fito za dari wala kwenye mkeka. Mtakuwa mmeandaa moto.

Kuna jambo moja nataka mlibebe mpaka nyumbani. Msiweke dari iliyozibwa katika chumba cha kupikia kwa kuni mpaka mmefungua njia nyingine ya moshi. Ule mwanya wa juu tunaoulaumu kwa mbu ndiyo unaotoa moshi. Ukiuziba na moto unawaka ndani, moshi wote utabaki kwenye mapafu ya mama na mtoto aliyembeba mgongoni. Jiko liwe nje ya nyumba ya kulala, au liwe na dohani. Kikundi kikianza na nyumba ambayo wanapika na kulala chumba kimoja, kazi ya kwanza ni jiko, dari baadaye.

Wanaotaka kuongeza unene, tuna maganda ya mpunga. Watu wa Pwani huyaita kumvi. Kila mashine ya kukoboa hapa ina kilima chake nyuma, wanakichoma bure. Kila kilo 100 za mpunga zinaacha karibu kilo 20 za maganda. Akina mama waliofundishwa kile kikapu cha kumalizia kupika, kile unachoweka sufuria ya githeri ikichemka na kuifunika, mnaikuta imeiva saa kadhaa baadaye bila moto, ninyi mnajua kazi ya maganda. Yanashika hewa isitembee. Yakizuia joto lisitoke kwenye sufuria, yatazuia lisiingie chumbani. Ni kazi ileile imegeuzwa.

Jazeni maganda makavu kwenye magunia, mshone yawe bapa kama godoro jembamba, unene wa sentimita 5 hivi, mlaze juu ya mkeka. Yakimwagwa bila gunia vumbi litawanyeshea kwenye chakula. Yawe maganda matupu, yasiwe na pumba wala chenga, kwa sababu pumba ni mwaliko wa panya. Na fikirieni uzito. Mita moja ya mraba kwa unene huo ni kama kilo 5 hadi 7. Chumba chetu cha mita 9 kitabeba kilo 45 hadi 63, yaani karibu mtu mzima mmoja amelala juu ya dari. Fito nyembamba hazitakubali. Bati likivuja maganda yakalowa, yatoeni mwanike au mtupe. Maganda ya mpunga hayashiki moto kwa mwali upesi kama nyasi kavu, lakini yakishika yanafukuta polepole kwa siku nzima, kwa hiyo yasiguse bomba la dohani.

Vitu vingine nitavipitia haraka. Mbao za dari za dukani, zile nyepesi za karatasi iliyogandamizwa, zinapendeza siku ya kwanza. Bati likivuja mara moja zinavimba na kuning'inia kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Plaiwudi ni bora kuliko hizo, na bei yake mnaijua. Jipsamu ni nzuri mjini kwenye nyumba isiyovuja na fundi anayeijua. Zile bodi nyeupe nyepesi za povu, zinazouzwa kama kitu cha kisasa, kweli zinazuia joto sana, pengine kuliko vyote nilivyotaja. Lakini zikiwaka zinatoa moshi mweusi wenye sumu na zinadondosha matone ya moto. Katika nyumba yenye koroboi au mshumaa na watoto wamelala, mimi sitaziweka. Makapi ya miwa kutoka viwandani huko Chemelil na Muhoroni pia niliulizwa. Yana sukari iliyobaki, yanaita siafu na mchwa, tena yanawaka kama petroli. Yaacheni. Magunia ya nailoni yaliyoshonwa pamoja, ambayo wengi tunayo tayari, yanakatiza miale kidogo na yanazuia vumbi. Kama ndicho ulicho nacho, ni afadhali kuliko kukaa chini ya bati tupu, lakini yaweke juu, mbali na taa.

Na simamisheni masikio kwa hili moja. Kuna majengo ya zamani, shule na nyumba za serikali, yaliyoezekwa asbesto, yale mabamba ya kijivu mazito. Yakibomolewa watu wanaokota vipande waende kuweka dari au banda la kuku. Vumbi lake linaingia kifuani na linaleta ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi, wakati umeshasahau uliligusa lini. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 zimeiweka asbesto kati ya taka za hatari. Usiikate, usiivunje, usiipige msasa, usiilete nyumbani hata ukipewa bure. Kama iko kwenye shule yenu, mwiteni afisa wa NEMA.

Anayenunua mabati mapya sasa hivi, rangi ni uamuzi wa joto. Bati jekundu iliyokoza, la kijani, la kahawia, yote yanakunywa jua. Jeupe au la rangi ya maziwa linarudisha sehemu kubwa ya jua juu mbinguni. Ukikuta bei ni sawa dukani, chukua jeupe, na vumbi livumilie. Wengine hupaka chokaa juu ya mabati ya zamani. Inapooza kweli, lakini mvua ya masika inaiosha. Kama unakinga maji ya kunywa kwenye paa hilo, usipake, maana itaishia kwenye tangi.

Sasa kuta, maana nusu ya kikundi ilisema kuta na hawakusema upuuzi.

Ukuta wa udongo mnene, shubiri moja na zaidi, ni kizuizi kizuri tayari. Mchana unachukua muda mrefu kupata moto, na ukijengwa vizuri, joto likifika ndani jua limeshatua. Hauhitaji kuongezwa kitu kwa ajili ya joto. Kinachohitajika ni kivuli upande wa magharibi, maana jua la saa tisa mpaka saa kumi na mbili ndilo linalougonga wakati nyumba imeshachoka. Refusheni upenu upande huo, au pandeni migomba hatua chache kutoka ukutani. Kivuli cha mgomba kinatia ubaridi na kinatoa ndizi. Plasta ya simiti haitoi hata kimoja.

Plasta ya simiti inafanya kazi gani basi? Inazuia mvua inayopiga kwa ubavu, na ukuta unapendeza. Kwa joto haisaidii neno. Tena kwenye ardhi yetu nyeusi hii, inayovimba ikilowa na kupasuka ikikauka, ukuta wa udongo unatembea na plasta ya simiti haitembei pamoja nao. Ufa unatokea, maji yanaingia nyuma ya plasta, na siku moja kipande chote kinaanguka na udongo wake. Nyumba ya udongo inapenda kusilibwa kwa udongo na mchanga na samadi ya ng'ombe, kila mwaka kidogo. Hiyo mnaijua kuliko mimi.

Nyumba ambayo kweli inahitaji kazi kwenye kuta ni ile ya mabati pande zote. Zimekuwa nyingi baada ya mafuriko ya 2020 na ya 2024, kwa sababu mtu akipoteza nyumba anajenga upesi kwa kitu kinachopatikana, na bati unaweza kulifungua ukahama nalo. Simlaumu mtu. Lakini hiyo ni sufuria yenye mlango. Humo ndani, mkimaliza dari, wekeni fito kwenye ukuta wa magharibi na wa mashariki, mfunge mkeka uliosimama, na uwe mbali na bati kwa upana wa kiganja. Msijaze maganda wala nyasi ndani ya kuta, hasa sehemu ya chini. Nyando ikija, kilichojazwa ukutani kinakunywa maji, kinaoza, na huwezi kukitoa. Mkeka unaufungua, unauanika, unaurudisha. Hata mkeka uanze juu ya alama ya maji ya mwaka ule mbaya. Kila mmoja anaijua alama ya nyumba yake.

Kwa kikundi kilichoandika barua: msipige kura leo. Chagueni nyumba moja ya mwanachama, ile yenye mtoto mchanga au mzee asiyetoka nje, muiwekee dari ya mkeka. Chagueni nyingine inayofanana nayo, paa sawa, muiache. Nunueni vipimajoto viwili vya bei ndogo, mvining'inize usawa wa kitanda, na mtoto wa shule aandike saa nane mchana na saa mbili usiku kwa siku saba. Leteni daftari kwenye mkutano. Yule aliyesema plasta asome hesabu mwenyewe kwa sauti.

Nimesema nitarudi kwenye aibu. Lakini naona mikono imeshainuka, pengine ni hilohilo.

SWALI (mama wa Kochogo): Mwalimu, mkeka tunaufunikia maiti na tunalalia tukiwa maskini. Wageni wakija, wakwe wakija, wakiangalia juu waone mkeka?

Asante, mama, umesema wazi kile wengine wanasema nje. Mimi nakujibu hivi. Wakwe wakija Februari saa nane mchana, wakakaa ndani wakala wakamaliza bila kuomba kutolewa nje chini ya mti, watakuwa wameheshimiwa. Lakini pia mwambie mfumaji akufumie kwa unyasi uliopakwa rangi, kuna wanaojua kufuma kwa mistari na maua. Pigilia vibao vilivyorandwa kwenye maungio, vionekane vimenyooka. Kwenye hoteli za watalii mikeka kama hiyo iko juu, na watu wanalipa kulala chini yake.

SWALI (kijana wa Ombeyi): Simba yangu ina stima. Waya zinapita juu. Je, mkeka hautawaka?

Swali zuri. Waya zote zinazopita juu ya dari ziingizwe kwenye paipu za plastiki za fundi wa stima, zisilale kwenye mkeka. Maungio ya waya yawe ndani ya boksi, siyo kufungwa kwa selotepu. Balbu ining'inie chini ya dari, na tumia zile zisizotoa joto jingi. Na ukitumia koroboi, iweke chini mezani, mbali na ukuta, usiitundike. Moto wa nyumba ya mkeka na moto wa nyumba ya nyasi ni ndugu. Wazee wetu waliishi na nyasi miaka yote kwa sababu walijua moto unakaa wapi.

SWALI (mzee wa Kakola): Na panya? Na nyoka anayefuata panya?

Mzee, panya hapandi juu kwa kupenda baridi, anafuata chakula. Kama mahindi na mpunga vimehifadhiwa chumba cha kulala, atakuja, uweke dari usiweke. Chakula kiwe kwenye pipa la bati lenye kifuniko, au ghala liwe nje na miguu yake ifungwe kanda la bati. Zibeni kabisa pale dari inapokutana na ukuta, na zile tundu za pembe ziwe na wavu wa waya wenye matundu madogo, usiwe wa nailoni ambao anautafuna. Acheni mlango mdogo kwenye dari, mraba wa kama futi mbili, wenye ubao wa kufunga, ili mara mbili kwa mwaka mtu apande na tochi aangalie. Na matawi ya miti yanayogusa paa yakatwe, maana nyoka wengi hupitia huko.

Mama mwenye nyumba ya uji anatuita. Wale wa kikundi cha barua, tukutane pale mlangoni tupange nyumba ya kwanza ni ya nani.